Daftari la Mahindi ya Njano

Karani wa sensa alikuwa binti mwenye adabu, na kishikwambi chake alikishika kwa mikono miwili kama anayebeba bakuli la uji wa moto. Alimwamkia mama shikamoo, akakaa kwenye kigoda pale barazani kwetu Nzuguni, akaanza maswali yake moja baada ya jingine bila haraka. Alipofika kwenye watoto akauliza, "Bibi, umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai?"

"Sita," mama akajibu.

Mimi nilikuwa nachambua mlenda pembeni. Nikadakia, "Watano, mwanangu. Andika watano."

"Sita," mama akasema tena, na safari hii alimgeukia karani, mimi akanipa kisogo. "Wote wako hai. Watano najua waliko. Mmoja yuko Kondoa."

Nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, na sensa moja ya zamani nilikuwa karani mwenyewe, nikizunguka na madodoso ya karatasi na penseli. Najua kwamba mhojiwa akishajibu, karani anaandika, habishani na mtu. Binti akaandika sita. Nikautupa mlenda kwenye ungo na kuingia ndani, maana katika nyumba yetu neno hilo lilikuwa halijatamkwa tangu baba alipolipiga marufuku, na baba mwenyewe tulishamzika zamani.

Binti alipoondoka mama akaniita. Mambo mazito hakuwahi kuyasema kwa Kiswahili. Aliniambia kwa Kigogo nikamtafute mdogo wangu. Wiki mbili kabla ya hapo daktari alikuwa amenivuta pembeni akaniambia moyo wa mama umepanuka, miguu itaendelea kuvimba, tumpe anachopenda kula na tusimchoshe. Macho nayo yalikuwa yameingia ukungu. Kwa hiyo nilielewa vizuri nilichotumwa. Nilitakiwa kumpata mdogo wangu kabla mama hajafa, na hakuna aliyeweza kuniambia nina siku ngapi.

Ngoja nieleze alivyofika Kondoa, maana watu wakisikia nusu ya habari hii hukimbilia kusema aliuzwa.

Sisi wa Ugogo tunajua kuhemea. Mvua ikikatika na ghala likabaki vumbi, mtu anabeba alichonacho anakwenda kwa wenye nafaka, anabadilishana, anarudi. Mwaka wa njaa ile nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa kwanza. Baba alibaki nyumbani, kijiji chetu kiko upande wa Ihumwa karibu na reli, akiwaangalia wadogo na ng'ombe wachache waliosalia, ambao kila asubuhi walikuwa wanainuliwa kwa mikono ndipo wasimame. Mama alikuwa mjamzito wa mtoto wa sita. Akajitwika chumvi, ile inayochemshwa kutoka tope la Bahi, na mimi nikambeba mgongoni mdogo wangu wa tano, msichana wa miaka minne, kwa sababu alikuwa anahara na hapakuwa na wa kumwachia. Tulitembea siku sita.

Huko Kondoa mama alikuwa na rafiki, mama mmoja wa Kirangi, Mwislamu, aliyekuwa akibadilishana naye chumvi kwa uwele tangu mimi sijazaliwa. Yule mama alimtazama mdogo wangu, akambonyeza tumbo, akamwambia mama, "Huyu hafiki nyumbani. Mwache hapa anywe maziwa. Mvua ikinyesha njoo umchukue." Hayo ndiyo yaliyosemwa. Hakuna aliyemuuza mtu.

Mama hakuweza kumuaga. Alinituma mimi. Nikachukua kibuyu, nikamwambia mdogo wangu akae hapo na bibi, nakwenda kuchota maji. Akauliza kama na yeye anaweza kuja. Nikamwambia njia ina miiba.

Mvua ilinyesha mwaka uliofuata na mama akaondoka siku ile ile tulipomaliza kupanda. Alirudi peke yake. Vilima vya Kondoa vilikuwa vimeliwa na makorongo, ardhi haikufaa tena, na watu walikuwa wamehama kuteremka bondeni, huyu huku na yule kule. Nyumba ya rafiki yake aliikuta haina hata mlango. Akaenda tena mwaka wa pili, akarudi miguu ikitoka damu. Baba ndipo aliposema imetosha: tuna watoto watano, na asiyependa kusikia hivyo atafute pa kwenda. Tangu hapo tukawa watano. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa mtu mzima kabla hajasikia kwamba alitanguliwa na mwingine.

Nilianza na kanisa. Katekista akanifungulia kitabu cha ubatizo na humo mdogo wangu alikuwepo, hai kabisa, jina lake na la baba na la mama, wino umekolea. Hilo lilinipa nguvu kidogo. Nikaenda ofisi ya mtaa kule kwetu, kwa kuwa kijiji siku hizi kimemezwa na jiji na kinaitwa mtaa, nikaomba madaftari ya zamani ya wakazi. Nilijua ninachotafuta. Madaftari yale yalikuwa na safu iliyoandikwa "Aliko", ya watu wasioonekana nyumbani. Nilitumaini kwamba mtu fulani, hata kwa bahati mbaya, aliandika jina la kijiji mbele ya jina la mdogo wangu.

"Mama, siku hizi tunatumia mfumo," mtendaji akaniambia. Alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri.

"Huo mfumo una miaka mingapi?"

Akacheka. "Mitatu."

"Mimi natafuta mtu wa zamani kuliko wewe. Nipe funguo za stoo."

Sijisifu kwa ukali wangu, lakini umenisaidia maishani. Alinipa. Stoo ilikuwa na baiskeli mbovu, mabango ya kampeni za chanjo, na gunia la madaftari ambalo mchwa walikuwa wameshaanza nalo chini. Nililitoa nje, nikakaa kwenye tofali chini ya ukuta, na kwa siku nne nilikuwa nakuja asubuhi na kuondoka jua likiwa kali. Mama alikuwa akiniuliza nikirudi, "Umempata?" Nilikuwa namwambia bado, nimefika ukurasa fulani. Akawa ananijibu, "Haya, kesho," kama anayemtuma mtu sokoni.

Siku ya tatu nilipata daftari la chakula cha msaada. Wenye umri wangu wanakumbuka mahindi ya njano yaliyokuja na malori, ugali wake mtamu usio na utamu, na watoto wakiitana majina kwa rangi yake. Kila kaya ilikuwa na ukurasa: jina la mkuu wa kaya, watu wake wote, na chini jumla ya vichwa, kwa kuwa mahindi yaligawiwa kwa vichwa. Kaya yetu iliandikwa watu wanane. Baba, mama, watoto sita, pamoja na kichanga kilichokuwa kimezaliwa karibuni. Mdogo wangu alikuwa mstari wa saba. Halafu nane ilikuwa imekatwa na kuandikwa saba, na mbele ya jina lake, kwenye safu ya "Aliko" iliyokuwemo humo pia, palikuwa na neno moja: amefariki.

Nilikaa na ule ukurasa mapajani. Kitabu cha kanisa kilisema alizaliwa na kubatizwa. Mama alisema yuko hai. Daftari lilisema amekufa, na lilisema hivyo miezi michache tu baada ya sisi kumwacha. Nikaanza kupiga hesabu za mwalimu: pengine habari za kifo zilifika na baba akazificha. Pengine ndiyo maana alituziba midomo. Pengine mama amekuwa akimsubiri maiti miaka yote hii na mimi ndiye nitakayepaswa kumwambia.

Ndipo nikaangalia mwandiko.

Herufi f ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma na kujikunja. Mwalimu wangu wa darasa la sita alikuwa akinichapa vidole kwa ajili ya mkia ule, na sikuuacha. Watoto niliowafundisha mimi walikuwa wakiuiga kunitania. Nikafungua ukurasa wa kaya ya jirani. Mkia ule ule. Nikafungua daftari lote. Lilikuwa langu. Kila ukurasa ulikuwa wangu.

Nilikuwa nimesahau? Nimejiuliza sana. Nadhani nilikuwa nimelisukumia mahali ambapo sikuwa na kazi ya kwenda. Lakini pale kwenye tofali lilirudi lote, hadi harufu ya wino.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mzee asiyejua kusoma, na mimi nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote kitongojini. Kwa hiyo yeye alisema na mimi nikaandika. Siku moja zilikuja habari kwamba bwana wa chakula anakuja kuhakiki, atapanga watu wa kila kaya mstari na kuhesabu vichwa, na kaya itakayokutwa na watu hewa itanyimwa mahindi yote. Hofu iliingia. Karibu kila nyumba ilikuwa na asiyekuwepo: kijana aliyekwenda pwani kutafuta kibarua, mtoto aliyeachwa kwa wenye nafaka kama wa kwetu. Majina yao tulikuwa tumeyabakiza kwenye daftari na mgao wao tukaula. Balozi alizunguka nyumba hadi nyumba akishauri jambo moja. Ukisema mtu hayupo, alisema, wataulizia yuko wapi, kaondoka lini, kwa nini mlikula chakula chake. Ukisema amekufa hawaulizi. Mwaka ule nani angeshangaa kusikia mtoto amekufa?

Tuliwaua mchana mmoja, mimi na balozi, tumekaa kwenye ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba yake ya tembe. Alisema jina, nikaandika amefariki. Tulipofika kwetu baba alikuwa amesimama pale. Balozi akamtazama. Baba akatazama pembeni, akasema, "Andika kama wengine." Nikaandika. Nilikata nane nikaweka saba, na nakumbuka nilijivunia jinsi mstari ulivyonyooka bila rula. Nilijua mdogo wangu yu hai. Nilidhani ni karatasi ya mahindi tu, njaa ikiisha nayo itaisha.

Laiti ingeisha. Siku ya nne nikafungua madaftari ya wakazi yaliyofuata, na humo nikaona kazi yangu ikiendelea bila mimi. Kila mtendaji mpya alinakili kutoka kwa aliyemtangulia. Waliokwenda pwani wengi walirudi wenyewe wakapigiwa kelele na kuchekwa, wakaandikwa upya. Watoto wa Kondoa hawakuwa na wa kuwapigia kelele. Mdogo wangu alikuwa amefariki katika daftari la pili, la tatu, na la nne, kwa miandiko ya watu ambao hawakuwahi kumwona. Na katika lile la nne, pembeni ya jina lake, mtu aliandika kwa kalamu ya bluu maneno ambayo nitayakumbuka hadi nizikwe:

"Amefika mwanamke anadai ndiye mtoto wa kaya hii. Ameoneshwa kuwa alifariki. Ameambiwa arudi na karatasi ya uthibitisho."

Chini yake paliandikwa jina la kijiji, huko bondeni mwa Kondoa. Kutokana na mpangilio wa kurasa ilikuwa miaka kama kumi na mbili iliyopita. Wakati huo baba ameshakufa, mama amehamia kwangu Manyoni, nilikokuwa nafundisha. Viwanja vya Ihumwa vilikuwa vimeanza kupimwa na kila wiki alikuwa akijitokeza mtu kudai ukoo. Mama alikuwa anaona. Mama alikuwa anatembea kwenda kanisani na kurudi kwa miguu yake.

Nilimtukana mtendaji yule kwa sauti, peke yangu, matusi ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Halafu nikaacha, kwa sababu yeye alifanya alichopaswa. Alifungua daftari akaamini kilichoandikwa. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kufanya hivyo hivyo.

Jioni ile mama akauliza, "Umempata?" Nikamwambia nimepata kijiji. Akafumba macho, akanishika mkono, akaubana kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Nilitaka kumwambia yaliyobaki. Nilimpa dawa zake.

Nilimwachia binti yangu kazi ya kumwangalia bibi yake, nikapanda basi la Kondoa asubuhi iliyofuata. Nilikwenda moja kwa moja shuleni, maana mwalimu akiwa ugenini kwao ni shuleni. Mwalimu mkuu alinipokea kama mwenzake. Nikamwomba rejista za zamani za uandikishaji, za miaka baada ya njaa, na nikamweleza ninachotaka kuona. Zamani rejista zilikuwa na safu ya kabila. Siku hizi hatuandiki, na ni vyema, lakini siku ile niliishukuru safu ile. Majina yote yalikuwa ya Kiislamu na mbele ya kila jina iliandikwa Mrangi, Mrangi, Mrangi, kurasa hadi kurasa. Kisha mtoto mmoja wa kike, darasa la kwanza, jina la Kiislamu, baba ni mume wa yule rafiki wa mama, na kabila: Mgogo.

Walimpa jina lao na dini yao na maziwa yao. Lakini walipoulizwa ni wa nani, wale watu walisema kweli. Sisi wa damu yake ndio tuliosema uongo.

Mwalimu mkuu alimjua. Kila mtu alimjua, alikuwa anakamua mafuta ya alizeti, nyumba yenye bati jekundu ng'ambo ya korongo. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachagua choroko. Nilipomwona nilisimama, kwa sababu mbele yangu alikuwa amekaa bibi yangu, mama yake baba, na paji lake la uso na midomo yake iliyobanwa.

Nikamwamkia, nikajieleza mimi ni nani. Hakusimama.

"Wewe ndiye uliyekwenda kuchota maji," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikusubiri pale kwenye mti wa miiba. Mama alinipiga ndipo nikaingia ndani." Mama yake yeye, yule Mrangi, ambaye alikuwa amekufa miaka mingi. "Nilipokuwa mtu mzima nikasema, wacha niende nikawaone hawa watu. Nikapanda basi. Mtendaji akanifungulia daftari akanionesha jina langu, kwamba nimekufa. Akaniambia, mama, hapa hakuna shamba lako. Mimi nilikwenda kutafuta shamba?"

Nilikaa ukingoni mwa mkeka.

"Njiani kurudi nililia hadi wenzangu kwenye basi wakanipa pole ya msiba. Nikapokea. Nikasema, basi, mama yangu kaniandika nimekufa, na yeye kwangu amekufa. Nikamwombea dua, nikamaliza." Akatupa kijiwe nje ya mkeka. "Ni yeye aliyesema niandikwe vile?"

Ningeweza kumsingizia baba, au balozi, wote wako kaburini. Nilijikaza. "Mama hakujua kamwe. Niliandika mimi. Kwa mkono wangu. Tulikuwa tunataka mahindi."

Aliendelea kuchagua choroko. Alizichagua hadi ungo mzima ukaisha. Kisha akaita mtoto wake aniletee chai, akaniambia ninywe kwa sababu nimetoka mbali, na kwamba nikimaliza niende zangu.

Nilimsihi. Nilipiga magoti kwenye ule mkeka, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Nikamwambia mama anakufa, na kwamba ametaja watoto sita mbele ya serikali. Mwishowe akakubali simu. Nikampigia binti yangu, nikaweka spika, akamwekea bibi yake simu sikioni, na mimi nikamwambia mama kwa Kigogo kwamba huyu hapa, nimempata, zungumza naye.

Mama akamwita kwa jina lake la ubatizo. Mdogo wangu akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Halafu akasema, kwa Kiswahili, kwa kuwa Kigogo chake kilishapotea chote, "Shikamoo mama."

Kisha nikamsikia mama akimwambia binti yangu, kwa sauti ya kuudhika, "Nani huyu? Huyu ni mama mtu mzima. Mwanangu hajui hata kutamka vizuri. Mwambie aniletee mwanangu."

Simu ikakatika. Mdogo wangu alinirudishia, akasimama, akaingia ndani na kufunga mlango. Kabla hajafunga nilikuwa nimempiga picha kutoka ubavuni, kwa wizi. Hiyo ndiyo niliyorudi nayo Dodoma.

Mama alikuwa amepungua katika siku zile mbili. Nilikaa kitandani kwake nikamweleza yote, bila kuficha, daftari na balozi na mahindi na karatasi ya uthibitisho. Sijui alisikia kiasi gani. Nilipomaliza nikamsogezea picha karibu na jicho lake lenye nafuu. Aliitazama muda mrefu.

"Mama mkwe wangu," akasema. "Umempata wapi? Huyu alinipenda."

Niliondoka kitandani nikaenda uani. Nililia kwa sauti, majirani wakachungulia. Kisha nikampigia mdogo wangu, kwa namba niliyopewa na mwalimu mkuu, na kabla hajakata nikamwambia: mama ameiona picha yako, anasema wewe ni mama mkwe wake. Nilisikia pumzi yake. Halafu akacheka, kicheko kifupi kilichovunjika katikati.

"Ijumaa," akasema. "Nikishaswali nitapanda gari."

Mama alikufa Jumatano, saa nne asubuhi, binti yangu akimpa uji. Sikuwepo chumbani. Nilikuwa nafua shuka la mgeni.

Nilimpigia mdogo wangu kumpa taarifa, naye hakuisubiri Ijumaa. Alifika Alhamisi akiwa amejitanda kanga, akakaa na wanawake kwenye jamvi, na hakuna aliyemjua isipokuwa mimi na wazee wawili ambao walimtazama na kujishika vifua. Kaka zangu walikuwa wakishughulikia jeneza na turubai. Kazi ya kuandika wasifu wa marehemu nilipewa mimi. Nani mwingine, na mwandiko wangu huu.

Nilikaa jikoni na karatasi. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa. Nilipofika kwenye watoto kaka anayenifuata alisimama nyuma yangu akasoma, akaniambia taratibu, "Dada, sita? Watu watauliza."

"Waulize," nikamwambia.

Tulimzika Ijumaa, kule kwetu, kando ya baba. Mchungaji akanipa kipaza sauti. Nikasoma kwamba marehemu ameacha watoto sita, nikawataja wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, na nilipofika kwa wa tano nikamtaja kwa jina lake la ubatizo na jina lake la Kiislamu. Watu walianza kunong'ona. Mzee mmoja wa wale waliomtambua akasema kwa sauti, kwa Kigogo, kwamba ni kweli, na minong'ono ikaisha. Nilisoma hadi mwisho. Sauti haikunitetemeka, na hilo sijui kama nijisifu au niombe msamaha.

Watu walipoanza kuweka mashada mdogo wangu alinifuata. Mikono yake ilikuwa na udongo, alikuwa ametupia naye. Hatukukumbatiana. Aliniomba ile karatasi.

"Nitakunakilia nzuri," nikamwambia. "Hii ina makosa, nimekata kata."

"Nipe hiyo hiyo," akasema. "Safari ile waliniambia nirudi na karatasi."

Nikampa. Aliikunja mara nne, akaiweka kwenye pochi yake, akaenda kusimama pale tulipokuwa tumesimama wengine, upande wa watoto wa marehemu.